Kichwa kinachouma wiki mbili: maneno juu ya TB ya ubongo

(Maneno haya yalisemwa na komite ya afya mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, na mwishoni tumeweka majibu ya maswali machache ya waliokuwapo.)

Katibu ametupatia saa moja tu, na tunajua kuna watu wanaongojea boti ya jioni. Basi tunaingia moja kwa moja.

Kese yetu ya kusaidiana iko na kanuni mbili juu ya ugonjwa. Inasaidia mtu aliyelazwa hospitali akionyesha fishi yake, na inasaidia familia mtu akifariki. Kanuni hizo zilitungwa wakati wengi wetu tulikuwa tumeshuka melini tu, bila nyumba, bila shamba, na zimetusaidia sana mpaka leo. Lakini kuna ugonjwa mmoja ambao haufuati kanuni hizo. Wakati mzuri wa kumwokoa mgonjwa wake ni mbele ya kulazwa, siku zile bado anatembea, anakwenda sokoni, na jirani wote wanamwambia: "Iko malaria tu, itapita." Akija kulazwa amekwisha kupoteza fahamu, kese italipa kitanda na dawa, lakini nafasi kubwa imepita barabarani.

Ugonjwa huo ni TB ya ubongo. Dokta anaiita meninjiti ya tuberkilozi. Leo tunawaletea ombi moja juu yake, na mtalipigia kura ninyi wenyewe. Lakini mtu hapigi kura juu ya kitu asichokijua, njo maana tutaeleza kwanza.

Kule Tanzania, Lugufu na Nyarugusu, tulizoea kuiita TB kwa jina la kifua kikuu. Ni jina zuri, ila linamfanya mtu afikiri TB ni kikohozi na damu tu. TB inaweza kukaa kwenye mfupa wa mgongo, kwenye tezi za shingo, kwenye tumbo, kwenye figo. Na inaweza kukaa kichwani. Mgonjwa wa TB ya ubongo mara nyingi hakohoi hata kidogo. Picha ya kifua chake inaweza kutoka safi kabisa. Muganga akiuliza "unakohoa?" na mtu akajibu "hapana", wote wawili wanaifuta TB kwenye mawazo, na hapo siku zinaanza kupotea.

Inafikaje kichwani? Kijidudu cha TB, kile alichokionyesha Robert Koch kule Berlin mwaka 1882, kinaingia kwa pumzi. Mtu mwenye TB ya mapafu anakohoa ndani ya nyumba iliyofungwa, mwingine anavuta hewa ile. Kwa wengi mwili unakifungia kijidudu na hakifanyi kitu. Inakadiriwa kwamba karibu robo ya watu wa dunia wameambukizwa hivyo, na kati yao ni 5 mpaka 10 tu kwa kila 100 watakaougua siku moja katika maisha yao. Lakini kabla mwili haujakifunga vizuri, vijidudu vingine vinapita katika damu na kujificha huku na huku. Vikijificha karibu na utando unaofunika ubongo, vinatengeneza kidonda kidogo, pengine kidogo kama punje ya mtama, na kinaweza kukaa kimya muda mrefu. Siku kinapopasuka, vijidudu vinamwagika ndani ya maji yanayozunguka ubongo. Madaktari wawili wa Baltimore, Marekani, Rich na McCordock, njo waliofafanua jambo hilo mwaka 1933, na mpaka leo wanafunzi wa udaktari wanafundishwa hivyo.

Maji hayo tuyaelewe vizuri, kwa sababu yatarudi katika maneno yetu mpaka mwisho. Kila mmoja wetu iko na maji safi, meupe kama ya chemchemi, yanayozunguka ubongo na kushuka katikati ya uti wa mgongo. Yanatengenezwa kila siku na yanatoka kila siku. TB ikiingia humo, inaleta ute mzito unaoganda, hasa chini ya ubongo. Na fasi ile ya chini ndiyo mbaya: hapo njo inapita mishipa ya macho na ya uso, hapo inapita mishipa ya damu inayolisha ubongo, na hapo maji yanapita kwenda kutoka. Ute ukijaa pale, vyote vitatu vinabanwa. Matatizo karibu yote tutakayotaja yanatoka katika fasi ile moja.

Sasa, kuna watu wanasema, na hata kanisani tumesikia, kwamba TB ni ya wenye UKIMWI, au kwamba ni sisi watu wa kambi tulioitoa Tanzania na kuileta huku. Yote mawili tuyajibu. Ni kweli virusi vya UKIMWI vinaongeza sana hatari. Lakini watafiti waliopiga hesabu ya dunia nzima kwa mwaka 2019 walikadiria watu wazima 164,000 walipata TB ya ubongo mwaka ule, na katika hao, wenye virusi vya UKIMWI hawakufika hata robo. Waliobaki wote hawakuwa navyo. Ni watu kama sisi tuliokaa hapa: wavuvi, walimu, mama wa sokoni, vijana wa moto. Katika hesabu hiyohiyo, waliokufa walikadiriwa kuwa 78,200, karibu nusu. Na juu ya kambi: kongo na Tanzania zote mbili ziko katika orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Hakuna mtu aliyehitaji kuvuka ziwa ili akutane nayo. Kambini tulilala wengi katika hema moja, ni kweli, na hilo linasaidia TB. Lakini hata hapa tunalala wengi katika nyumba moja na dirisha tunalifunga juu ya mbu na wezi.

Tuje kwenye dalili, na hapa tunaomba kina mama wasikilize sana, kwa sababu ni ninyi mnaomwona mtu asubuhi na jioni.

Meninjiti ile nyingine, ya haraka, inamwangusha mtu kwa siku moja au mbili, na kila mtu anakimbia. Hii ya TB inakuja polepole kama mwizi anayejua nyumba. Kwanza mtu anachoka. Hana hamu ya chakula. Ana homa ndogo, zaidi jioni. Anakasirika juu ya mambo ya bure. Kichwa kinauma kidogo, kinapoa, kinarudi, na kila kinaporudi kinakaa zaidi. Anaanza kutapika bila tumbo kuuma. Hiyo inaweza kuchukua wiki moja, mbili, hata tatu. Katika siku hizo shingo inaweza kuwa laini kabisa. Wengi tumefundishwa kwamba meninjiti ni shingo ngumu. Ikiwa ngumu, kweli ni hatari, lakini msingojee ikaze.

Halafu zinakuja dalili za pili: anaona watu wawili fasi aliko mmoja, jicho linakwenda kando au kope linaanguka, mdomo unapinda, anasema maneno yasiyofuatana, anasahau jina la mtoto wake. Halafu za tatu: mkono na mguu wa upande mmoja vinakufa, anapata kifafa, analala na haamki. Madaktari wa Uingereza, walipokuwa wanajaribu dawa ya streptomisini katika miaka ya 1940, waligawa wagonjwa katika hatua hizo tatu, na mgawanyo huo unatumika mpaka leo. Unatumika kwa sababu unatabiri. Mgonjwa anayeanza dawa akili yake bado iko sawa ana nafasi kubwa ya kupona. Anayeanza akiwa hajitambui, hata dawa zikiwa zilezile na dokta akiwa yuleyule, wengi wanakufa au wanabaki na kilema.

Tuna mfano wa kwetu. Familia imekubali tuuseme, jina tuliache. Alikuwa fundi seremala, baba wa watoto wanne, chini ya miaka 40, mtu aliyebeba mbao peke yake kutoka bandarini. Kichwa kilianza. Alipimwa damu ya kidole, wakasema malaria, akamaliza dawa, kichwa kikabaki. Akapewa kinini, masikio yakalia, kila mtu akasema dawa inafanya kazi. Wiki ya tatu ikawa tifoide, sindano siku saba. Alipoanza kusema maneno ya ajabu, watu wakasema sumu, wengine wakataja karuho, akapelekwa kutapishwa. Kutoka pale akaenda chumba cha maombi, akafunga siku tatu pamoja na wengine. Siku ya 36 aliletwa hospitali juu ya moto, amefungwa na kitenge mgongoni kwa dereva ili asianguke. Walimvuta maji ya mgongo siku hiyohiyo na kumwanzishia dawa. Alikufa siku ya nne. Kipimo chake cha UKIMWI kilikuwa safi.

Hatuyasemi haya ili kumlaumu mtu. Malaria kwetu iko kila nyumba, na kipimo cha malaria kinaweza kuonyesha malaria kweli ndani ya mtu mwenye TB ya ubongo. Mtu anaweza kuwa na wadudu wawili, wa mbu na wa TB, wakati mmoja. Na kuomba, sisi wenyewe tunaomba. Tunachotaka mkamate ni hesabu tu: siku 36, na katika siku hizo zaidi ya 20 alikuwa bado anatembea kwa miguu yake.

Mfano wa pili ni mama mmoja anayeuza ndagala. Yeye yuko hapa leo na amekataa tumwonyeshe, basi msigeuke. Alimaliza dawa ya malaria, kichwa kikaendelea, na siku ya 11 dada yake alimwona anainamisha kichwa kila akipita juani na kumwaga sahani ya chakula aliyodhani iko mezani. Alimpandisha boti asubuhi yake. Alitibiwa mwaka mzima. Sikio moja halisikii vizuri. Anauza ndagala.

Sasa tuje kwa sindano ya mgongo, kwa sababu hapa njo familia nyingi zinakwama. Tumesikia wenyewe: "Batamutoboa mugongo, atakufa." Au: "Atapooza." Wengine wanasema kila aliyetobolewa alikufa. Tuelewe inatoka wapi. Watu wanakubali sindano wakati mgonjwa amekwisha kufika hatua ya tatu. Anakufa kwa ugonjwa, na sindano inabebeshwa lawama. Uti wenyewe, ile kamba ya mishipa, inaishia juu kidogo ya kiuno. Dokta anaingiza sindano chini ya fasi hiyo, mahali ambapo kuna maji na mishipa midogo inayoelea, kama nyuzi ndani ya ndoo. Kazi hiyo inajulikana tangu 1891, Mjerumani Quincke alipoianzisha, na wagonjwa wake wa kwanza walikuwa hao hao wenye maji mengi kichwani. Mtu anaweza kuumwa kichwa siku moja mbili baada yake. Kuna wagonjwa ambao dokta ataahirisha, mfano mwenye dalili za uvimbe mkubwa upande mmoja wa ubongo. Ni yeye ataamua hilo.

Na wakivuta, wavute ya kutosha. Vijidudu vya TB katika maji ya mgongo ni vichache sana. Matone mawili matatu hayatoshi. Kwa mtu mzima mililita 6 au zaidi zinasaidia maabara, na mwili unatengeneza mengine kabla ya kesho. Maji hayo yanaangaliwa: protini ikiwa juu, sukari ikiwa chini, na aina ya chembe nyeupe. Halafu yanapelekwa kwenye mashini ya GeneXpert. Kwa maji ya mgongo, WHO inashauri tangu 2017 kianze kipimo chake kipya zaidi, kiitwacho Ultra. Jibu linatoka kwa masaa machache kama mashini iko karibu na umeme upo. Lakini kumbukeni neno hili: mashini ikisema "hakuna", haimaanishi hakuna. Inakosa wagonjwa wengi wa kweli. Njo maana dokta mzuri anaweza kuanza dawa za TB bila kuona kijidudu, kwa dalili na maji tu. Familia isiseme "anamjaribu." Kungojea hakika kamili katika ugonjwa huu ni kungojea mazishi.

Dawa ni zile za TB ya mapafu, zile vidonge vyekundu mnavyovijua, vinavyogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, ila muda ni mrefu zaidi. TB ya kifua ni miezi 6. Ya ubongo kwa mtu mzima, WHO inashauri miezi 9 mpaka 12. Dawa za TB zinatolewa bure na programu ya taifa. Kisicho bure ni vingine vyote: boti, moto, kitanda, maabara, chakula cha mlinzi wa mgonjwa, na deksametasoni.

Hiyo deksametasoni tuiseme kidogo. Ni dawa ya kupunguza uvimbe, inatolewa kwa wiki 6 mpaka 8 na kupunguzwa polepole. Kule Vietnam waliijaribu kwa wagonjwa 545, wakatoa matokeo mwaka 2004. Katika miezi 9, waliopewa walikufa karibu 32 kwa 100; wasiopewa, karibu 41 kwa 100. Tofauti hiyo ni watu. Lakini jaribio lilelile lilionyesha kwamba haikupunguza idadi ya waliobaki na kilema kikubwa. Kwa wenye virusi vya UKIMWI, jaribio lingine lililotoka mwaka 2023 halikuonyesha faida wazi, basi hapo dokta ataangalia. Mgonjwa uso unaweza kuvimba na kuwa mviringo, na kuna familia zinakata dawa kwa sababu hiyo. Isikatwe ghafla.

Tumefika fasi ambayo watu hawaisemi. Baada ya hospitali.

Maji tuliyosema mwanzo, yakizibwa, yanajaa ndani ya kichwa na kusukuma ubongo. Mgonjwa aliyekuwa anaendelea vizuri anaanza tena kutapika na kulala sana. Wengine wanasaidiwa na vidonge na kuvutwa maji mara kwa mara, wengine wanahitaji kupasuliwa na kuwekewa mpira mwembamba wa kuyatoa, na mpasuaji wa kichwa hayupo kila hospitali, ni safari. Mishipa ya damu iliyobanwa inaweza kuziba, na mtu anapooza upande mmoja akiwa tayari kwenye dawa, mara nyingi katika wiki za kwanza. Chumvi ya damu inashuka, mtu anachanganyikiwa, anapata kifafa. Macho yanaweza kufifia, na hapa tahadhari: moja ya dawa, etambutoli, nayo inaweza kugusa macho, kwa hiyo kila badiliko la kuona lisemwe siku hiyohiyo.

Halafu kuna lile linalowachanganya watu wote. Mwezi wa pili, wa tatu, dawa zinanywewa vizuri, homa inarudi, kichwa kinarudi, pengine uvimbe mdogo unaonekana ubongoni. Si lazima dawa zimeshindwa. Mara nyingi ni mwili wenyewe umeamka na kupigana kwa nguvu na mizoga ya vijidudu. Familia inasema "dawa zinamuua" na kuzitupa. Jibu ni kurudi hospitali na kifuko cha dawa mkononi. Macho yakiwa ya manjano, hapo pia kurudi haraka, ini limeguswa. Miguu ikiwaka moto au kufa ganzi, kuna vitamini B6.

Na kuna kilema ambacho hakionekani. Mtu anapona, anatembea, anakula, watu wanashukuru Mungu. Lakini mke anajua si yuleyule. Anarudia swali moja mara tano. Anakasirika kwa sauti ndogo ya mtoto. Hawezi tena kuhesabu makuta ya biashara, na anaona haya kusema. Jirani wanasema amekuwa mvivu, au mapepo hayajatoka. Tunajua nyumba ambayo ilikaribia kuvunjika kwa jambo hilo, mpaka muuguzi mmoja alipokaa na mume na mke na kuwaeleza kwamba ni kovu la ugonjwa, na kwamba kovu hilo kwa wengine linapungua mwezi kwa mwezi. Walimwandikia kazi zake kwenye karatasi ukutani: asubuhi dawa, halafu maji, halafu mbuzi. Ilisaidia kuliko maneno mengi.

Basi, ombi letu. Tunaomba kese iongezewe kanuni ya tatu. Mwanachama, au mtu wa nyumba yake, ambaye kichwa kimemuuma zaidi ya siku 7 mfululizo na amemaliza dawa ya malaria bila nafuu, au ambaye amebadilika akili au macho siku yoyote, kese itoe nauli ya yeye na mlinzi wake mpaka hospitali yenye uwezo wa kuvuta maji ya mgongo, pamoja na gharama ya kipimo hicho. Itolewe bila fishi ya kulazwa, kwa saini ya mweka hazina na mtu mmoja wa komite ya afya, siku hiyohiyo. Anayetoka Kazimia au Ubwari hawezi kungojea mkutano wa mwezi. Wengine watakaosafirishwa hivyo hawatakuwa na TB ya ubongo. Watakuwa na kitu kingine, au hawatakuwa na kitu. Makuta hayo hatuyahesabu kuwa yamepotea, na tunawaambia hivyo mapema ili baadaye mtu asisimame kusema kese imedanganywa.

Ombi la pili linakwenda kwa marafiki wetu wanaotoa michango. Misaada mingi huja kwa mwezi mmoja, kwa mshtuko wa kwanza. Ugonjwa huu unakaa mwaka. Mgonjwa akiacha dawa mwezi wa tano, mara nyingi ni kwa sababu nyumba haina unga, na vidonge hivyo kwenye tumbo tupu ni vigumu. Kifuko cha unga, maharage na mafuta kila mwezi kwa miezi 12 kwa nyumba moja kingetusaidia zaidi kuliko kitu kikubwa cha mara moja.

Maswali yaliyoulizwa

Baba mmoja aliuliza kama mgonjwa atengewe sahani na kitanda. Hapana. TB ya ubongo haitoki kichwani kuingia kwa mwingine, na TB haipiti kwa sahani. Lakini mgonjwa aliipata kwa mtu fulani, na pengine mtu huyo yuko katika nyumba ileile anakohoa. Kwa hiyo wote wa nyumba wapimwe, na watoto walio chini ya miaka 5 ambao si wagonjwa wapewe dawa ya kukinga.

Mama mmoja aliuliza: chanjo ya BCG tuliyochanjwa mkononi, haitukingi? Inawakinga watoto wadogo vizuri kwa TB ya ubongo hasa, na njo maana mtoto achanjwe mara anapozaliwa. Kwa mtu mzima haitegemewi.

Dada mmoja aliuliza pembeni, na tumepata ruhusa yake kulijibu hapa: dawa ya TB inayofanya mkojo kuwa wa chungwa, rifampisini, inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya kijiti. Mwanamke aliye kwenye dawa za TB amwambie muuguzi ili apewe njia nyingine.

Kijana mmoja aliuliza kama anaweza kununua dawa hizo dukani akiona dalili. Hapana, na hata sindano za duka zisianzwe bila kipimo; zinaweza kufunika dalili na kuchafua majibu ya maabara.

Kura juu ya kanuni ya tatu itapigwa kwenye mkutano ujao. Wasioweza kufika watume jibu kwa mwakilishi wa kijiji chao kwa maandishi, ndiyo au hapana, na namba ya kitambulisho cha uanachama.